Onja Changu, Nionje Chako

Jioni ile nilikuwa natoka kwa fundi viatu, ndara zangu mfukoni, roho imenichafuka. Ndara ya kushoto ameishona kwa uzi mweusi, ya kulia kwa uzi wa kahawia. Nikamuuliza, "Miguu yangu ni ya watu wawili?" Akacheka. Mimi sikucheka. Giza lilikuwa linaanza kuingia, na bado nilikuwa na kazi ya kwenda kumtoa Kinanda baa.

Kinanda ni rafiki yangu. Tulikuwa watatu tangu usichana, tukifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli. Kinanda, kwa sababu mdomo wake haukujua kunyamaza. Daktari, ambaye hajawahi kutia mguu chuo chochote lakini ana dawa ya kila kitu. Na mimi, waliyeniita Shubiri bila kuniuliza kama nalitaka jina lenyewe. Msimamizi wetu alikuwa bahili wa kutupwa, alituletea kikombe kimoja cha chai kwa watu watatu. Kikazunguka, kila mtu funda lake. Tulipostaafu na kila mmoja akawa na kikombe chake, mazoea hayakututoka. Onja changu, nionje chako. Ukimnyima mwenzio, umemtukana.

Sasa hiyo baa. Daktari ndiye aliyeivumbua. Wanaiita baa ya tiki, na usiniulize tiki ni nini. Masanamu ya mbao yamekutolea meno mlangoni. Ndani kuna ukuta wa mianzi, na paa la nyasi limejengwa chini ya dari, kana kwamba mvua inanyesha sebuleni. Vinywaji vinatiwa kwenye vikombe vya udongo vilivyofinyangwa nyuso za watu, juu yake kimwavuli cha karatasi.

"Kokteli zake hazina mfano, mwenzangu," Daktari aliniambia. "Mhudumu anakuuliza jambo tamu kuliko yote lililowahi kukupata. Unamsimulia. Anakuchanganyia kinywaji chenye ladha hiyohiyo!"

Walikwenda mara nyingi bila mimi. Daktari mwenyewe hakuwahi kunywa cha kusimulia, anasema sukari yake iko juu, yeye ni maji ya ndimu tu. Kinanda ndiye aliyenogewa.

Halafu siku moja nikamwambia Kinanda atusimulie alivyokutana na marehemu mumewe. Hadithi tulishaichoka, lakini ilikuwa inamchekesha mwenyewe mpaka anashika mbavu. Akanitazama...

"Nilikutana naye wapi vile?"

Daktari akasema ni uzee. Uzee gani unaochagua matamu? Ugomvi wake na jirani wa uani alikuwa anaukumbuka neno kwa neno. Kilichopotea ni kicheko tu. Nikaongea. Hakuna aliyenisikiliza. Wakasema nina wivu kwa kuwa sikualikwa mara ya kwanza.

Ndiyo nikaenda.

Nilipoingia, harufu ndiyo iliyonipokea. Nanasi, mdalasini ulioungua, na chini yake... ubao uliolowa. Harufu ya kabati lililofungwa miaka. Watu wachache, taa hafifu. Wenzangu walikuwa wamekaa kaunta kama wasichana.

"Shubiri kaja!" Daktari akasema. "Leo pombe itachacha."

"Inuka," nikamwambia Kinanda. "Twende nyumbani."

"Nimalize kimoja tu, dada."

"Hukumbuki hata mumeo, unataka kusahau na mlango wako?"

"Punguza sauti, unatuaibisha," Daktari akanong'ona, akanivuta nikakaa. Mimi, mtu mzima, nikavutwa kama mbuzi.

Hapo ndipo nilipomwona mhudumu. Mwanamume wa makamo, nadhifu, shati jeupe la mikono mirefu. Alikuwa fundi, sitamnyima. Alimenya ganda la chungwa likatoka utepe mmoja usiokatika. Akaponda barafu ndani ya kitambaa kwa nyundo ya mti, akachoma mdalasini, akatia ramu, akatikisa kopo lake taratibu kama anayebembeleza. Lakini mimi nimepiga pasi maisha yangu yote. Hakuna shati lisilojikunja kwenye kiwiko.

Mkono wake ulijikunja. Shati halikujikunja.

Nikatazama rafu nyuma yake. Vikombe vimejipanga, nyuso zote. Vingi vimefumba macho. Vichache vimefumbua.

"Mama," akamwambia Kinanda, sauti ya chini. "Leo tamu lipi?"

Kinanda akasimulia siku aliyovaa gauni la harusi la mgeni wa hoteli, lililoletwa kufuliwa, akacheza juu ya meza ya pasi mpaka msimamizi akaingia. Nilikuwepo siku hiyo. Mhudumu alimsikiliza bila kupepesa, akamimina, akaweka kikombe mbele yake.

Kisha akanigeukia.

Nilikusudia kumdanganya. Nimwambie asali, nimwambie muwa, yaishe. Nikafungua mdomo... na maneno yakanitoka. Nakumbuka midomo yangu ikitembea. Nakumbuka Daktari akiziba mdomo kwa leso, na Kinanda akinishika goti. Nilichosema sikijui.

Hata leo sikijui.

Akanimiminia. Kinywaji cheupe, chepesi, kimwavuli cha bluu.

"Kila mtu na chake," akasema. "Msionjane."

Angenyamaza, huenda tungeondoka salama. Lakini kuniambia mimi nisionje cha mwenzangu! Nikakiona kikombe cha Kinanda, uso wake umefumba macho, umevimba mashavu ya kucheka. Nikasema kimoyomoyo, kama chake kimo humu, basi hakibaki humu. Nikakinyakua, nikakigugumia chote.

Nikasimama juu ya meza ya pasi.

Mvuke. Gauni linanikwaruza makwapa. Nafasi ya kiuno haitoshi, nacheka mpaka machozi. Na pale mlangoni kuna msichana mwembamba analinda, amenuna, mfupa wa shingo umemtoka... Ni mimi. Nilikuwa najitazama mwenyewe kwa macho ya Kinanda. Na alikuwa ananipenda, yule aliyekuwa anatazama. Sikuwahi kujua ananipenda hivyo.

Nilipozinduka, nikageuka kumwambia tuondoke.

Kinanda alikuwa anakiweka chini kikombe changu. Kitupu.

Mazoea. Onja changu, nionje chako.

"Kinanda!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, na mikono yake imekaa kifuani, imepakata kitu kisichokuwepo.

Mhudumu akashusha pumzi. "Niliwaambia," akasema. Alisikitika, nadhani. Au alikasirika kwa kukosa chake. Akavichukua vikombe vyetu, akavirudisha rafuni.

Vyote viwili vilikuwa bado vimefumba macho.

Lakini kikombe kingine, cha pembeni kabisa, kilichofumbua macho, nilikisikia. Kicheko. Kidogo, cha mbali, kama mtu aliye chumba cha pili. Kicheko cha Kinanda anaposhika mbavu.

Tulitoka mbio, vizee watatu. Ndara zangu nikazisahau palepale.

Nikasema basi, imekwisha. Haikuisha. Nilimsimulia Kinanda habari ya gauni, neno kwa neno, na jinsi lilivyomkwaruza makwapa. Akasikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za mke wa mtu mwingine. "Alikuwa na vituko huyo," akasema.

Halafu likaja langu. Nikafungua sanduku kutafuta shuka, nikakuta kisweta cha mtoto, cha kufuma kwa mkono, rangi ya bluu. Mfumo ni wa mkono wangu, naujua. Nikamuuliza binti yangu, "Hiki cha nani?" Akaniangalia, akalia, akatoka nje. Nikabaki nimekishika. Nauliza swali la kawaida, watu wanalia!

Daktari ndiye aliyenieleza. Eti nilikuwa na mtoto kabla ya hawa wanangu wawili. Mvulana. Hakufika kutembea. Eti nilimwambia mhudumu kwamba jambo tamu kuliko yote lilikuwa kumbusu utosini, pale panapodundadunda. Nikasikiliza. Nilijaribu kusikia uchungu, ukakataa kuja. Ilikuwa kama taarifa ya redioni.

Kinanda anaujua utosi huo. Unanuka maziwa na jasho, anasema. Sasa hachezi, hapigi soga. Anakaa anaimba wimbo wa kubembeleza, tena kwa sauti yangu mbaya.

Nilimfuata kwake.

"Turudi kwa yule mtu," nikasema. "Umsimulie, ninywe mimi niliyezaa. Mimi nitakurudishia gauni lako. Nirudishie."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Kinanda akakaa kimya. Kinanda, kimya!

"Sitaki," akasema. "Wewe hukuwahi hata kumlilia, Shubiri. Tulimzika asubuhi, kesho yake ukaja kazini kupiga pasi. Mwache kwangu."

Nikamtukana. Nikamwita mwizi. Akafunga mlango polepole, kama anavyofunga mtu mwenye mtoto aliyelala.

Binti yangu ananiambia niache. Daktari ameniletea majani ya kuchemsha. Majani! Na baa ipo palepale, masanamu yametoa meno, nikipita mhudumu ananiinamishia kichwa kwa heshima. Peke yangu hanifai kitu. Sina cha kumsimulia.

Majirani wa Kinanda wanalalamika kwamba jioni kuna mtoto analia mle ndani. Kinanda anaishi peke yake. Jana nilipita chini ya dirisha lake na mimi nikamsikia. Sauti kavu, ya njaa. Sikuhisi lolote. Nikaenda zangu.

Nilipofika nyumbani nikavua blauzi, nikakuta imelowa. Upande wa kushoto, duara la ukubwa wa kisahani. Mimi, mwanamke mwenye wajukuu wanaonyoa ndevu. Nikanusa: maziwa.

Nimefua madoa ya kila aina. Hilo nalijua, ukilitia maji ya moto linaganda. Nikalifua kwa maji baridi, nikalisugua, nikaanika.

Leo asubuhi nimevaa blauzi nyingine. Limerudi palepale.