Gundi ya Viraka

Ofisi ya mradi wa maji hapo Kitui ilinuka gundi ya viraka, na humo hamkuwa na baiskeli. Hasina aliisikia harufu ile alipokuwa akivuta kiti, akajiambia ni joto la Septemba. Marehemu mumewe Hemedi alikuwa fundi baiskeli sokoni. Kwa miaka mingi harufu hiyo ndiyo iliyomtangulia mlangoni jioni.

Hasina alipomaliza eda, Maalim Abdulatif alimwonya: "Mwanangu, jini huvaa sauti ya uliyempoteza. Usiliachie mlango wazi."

Lakini alikuwa ameuacha wazi, pale kwenye kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuandika watu wa kila nyumba, maana kiangazi kile maji yaligawiwa kwa vichwa. Aliyekufa alifutwa, aliyezaliwa aliongezwa. Mabadiliko yalingoja kwenye kioo cheusi: COMMIT iliyathibitisha yasirudi nyuma tena, ROLLBACK iliyatangua yote, mambo yakawa kama mwanzo. Asubuhi hiyo Hasina alimfuta Hemedi, vidole vikakataa kuthibitisha. Akaendelea tu, akamwongeza mjukuu mchanga wa mwenzake Muthoki juu ya jambo lile lisilofungwa.

Baada ya chakula cha mchana Muthoki aliita kutoka kwenye mashine yake. "Hasina, huku kwangu Hemedi bado yuko. Na Mbula wetu hayuko. Hii mashine ni bahili kuliko mkwe wangu!"

"Sijathibitisha, Mama Syokau."

"Basi thibitisha. Maji ni kesho." Akashusha sauti. "Najua ni ngumu. Pole, mwenzangu." Akatoka kwenda benchini nje, alikokuwa binti yake Syokau na mtoto, na mtoto alikuwa akilia kwa nguvu zake zote.

Ndipo sauti ikaanza ukumbini: tiki, tiki, tiki, gurudumu la baiskeli inayosukumwa polepole na mtu asiye na haraka. Ilikuja mpaka nyuma ya kiti chake, ikasimama.

"Hasina." Kikafuata kile kikohozi kidogo. "Hujafunga. Tangua, nirudi nyumbani."

Hakupaswa kujibu. "Hemedi?"

"Utakunywa chai peke yako mpaka lini?"

Akaandika R, akaandika O, na harufu ya gundi ikamjaa kooni, na pumzi ya baridi ikamgusa shingoni pale pale Hemedi alipozoea kumgusa, naye akaandika L, kisha L nyingine, akiiona tayari ile sufuria ya chai ya watu wawili, asitambue kwamba kwa kila herufi kilio cha mtoto nje kilikuwa kikififia, kikawa mlio wa kifaranga, kikawa si kitu.

"Mama!" Syokau alipiga kelele. "Mtoto anapoa! Mama, mshike!"

Vidole vya Hasina viliganda. Amri ile haichagui. Ingemrudisha Hemedi, na ingemwondoa Mbula aliyeandikwa nyuma yake.

"Na mtoto?" alinong'ona.

"Si wako," sauti ikasema. "Andika."

Hemedi alizitia viraka baiskeli za watoto wa shule bure, akagombana na mkewe kwa ajili hiyo. Asingesema neno lile hata akiwa kaburini.

"Wewe si yeye," Hasina alisema, huku machozi yakimtoka kwa sababu sauti ilikuwa ya Hemedi kabisa. Akafuta herufi zile zote, akaandika COMMIT, akabonyeza.

Nje, mtoto alilia.

"Kwangu Mbula ameonekana!" Muthoki alisema baadaye, akifuta jasho. Jina la Hemedi hakulitaja.

Jioni Hasina alifungua nyumba. Baiskeli ya Hemedi iliegemea ukuta kama alivyoiacha, ila gurudumu la nyuma lilikuwa likizunguka. Tiki, tiki. Aliketi kizingitini akalitazama likipunguza mwendo, mpaka liliposimama.

Akapika chai ya mtu mmoja. Alipokuwa akinywa alijikuta ametega sikio, na hakukuwa na sauti yoyote.