Kichwa cha Mumi

"Mumi! Mimi Msabato tangu utoto, unanilisha mumi?"

Bakuli lilinipita juu ya kichwa, likapasukia ukutani. Mchuzi ukachirizika kwenye gauni langu jipya la posa. Aliyelirusha ni Mzee Kwandu wa Shishiyu, baba wa Mihayo wangu, na ndani mlikuwa na kichwa cha kambale, yule tunayemwita mumi.

Baba yangu, Mzee Boniventura, akasimama taratibu. Sisi ni wavuvi wa Lamadi, Wakatoliki, na kwetu kichwa cha mumi hapewi mtu hivi hivi. Anapewa mkwe.

"Umetupa heshima niliyokupa," alisema. "Basi umemtupa na binti yangu."

"Samaki asiye na magamba ni najisi! Mmefanya makusudi!"

"Najisi ni wewe!"

Baba akanyakua kasia lililoegemea mlango. Mihayo akajitosa katikati, akainua mkono kumkinga baba yake. Nikausikia mfupa ukivunjika. Wazee wa Shishiyu wakainua fimbo, wajomba zangu wakavamia, damu ikachanganyika na mchuzi mkekani.

"Nikimwona mwanao tena Lamadi, namkata panga!" baba alifoka.

"Na binti yako akikanyaga kwangu, namfungulia mbwa!"

Aliyewatenganisha ni Keneth, mshenga wetu, mchuuzi wa samaki na mtu wa kwanza mtaani kumiliki simu ya mkononi. Nilimshukuru huku nalia. Mjinga mimi!

Wiki moja baadaye akarudi, shati limenyooshwa kwa pasi.

"Mzee, aibu hii nitaifuta mimi. Nipe Esteria."

"Mchukue," baba akajibu, kama anayegawa dagaa.

"Baba! Mimi nampenda Mihayo!"

Kofi likatua. Nikaona nyota.

Nikakimbilia chumba cha pili, ambako simu ya Keneth ilikuwa inachajiwa kwenye betri ya gari. Ikalia mlio wa ujumbe. Jina likatokea: Mihayo. Alikuwa karani Bariadi, kwenye moja ya zile kampuni binafsi zilizokuja kununua pamba, na kazini walimpa simu. Nisiusome? Thubutu!

"Keneth, mkono umevunjika, wamenifunga muhogo, ile plasta ya hospitali. Ulisema umewaambia wakwe kuwa baba hali mumi, wakakubali kupika sato. Mbona wakatufanyia vile? Muulize Esteria. Bado nampenda."

Nilirudi sebuleni nikausoma kwa sauti. Baba akamgeukia Keneth.

"Wewe ulituambia Mzee Kwandu anamhusudu mumi kuliko samaki wote. Ulikaa kwenye kiti hicho hicho!"

Keneth akainuka kitini.

"Mzee, mimi ndiye niliyempenda kwanza. Huyu wa pamba amekuja juzi tu!"

Sikumngoja baba. Kasia lilikuwa pale pale. Nilimpiga la bega, nikampiga la mgongo, la tatu likampata mdomoni. Meno mawili yakabaki sakafuni, mwenyewe akatoka mbio, simu akaiacha. Baba hakunizuia.

Kesho yake alfajiri tukapanda lori la pamba kwenda Shishiyu, baba amebeba lile kasia. Mzee Kwandu alitupokea na fimbo, mbwa wanabweka. Mihayo alisimama nyuma yake, mkono umening'inizwa shingoni.

"Mwangaluka," baba alisalimia.

Nikawasomea ujumbe kwenye simu ya Keneth.

"Ni kweli, baba," Mihayo akasema. "Nilimtuma Keneth aseme. Hakusema."

Baba akapiga magoti, akamkabidhi Mzee Kwandu kasia.

"Tumedanganywa sote. Lakini mkono wa mwanao nimeuvunja mimi. Nipige."

Kwandu alipiga kweli! Kasia likakatika vipande viwili mgongoni mwa baba. Baba akauma meno, machozi yakamtoka, hakuinuka. Mzee Kwandu akakitupa kipande kilichobaki.

"Inuka ukae," alisema. "Vijana, chinjeni kondoo!"

"Baba," Mihayo akamshika bega. "Uliza kwanza."

Mzee Kwandu akamtazama baba.

"Kuna nyama msiyokula?"

Baba akainamisha uso kwa aibu.

"Ukoo wetu hauli kondoo."

Kondoo alikuwa tayari amelazwa, kisu kiko kooni.

"Mfungueni!" Mzee Kwandu alipaza sauti. Kisha akavuta kigoda, akaketi karibu na baba. "Haya, ndugu yangu. Wewe unakula nini?"

Harusi yetu ililiwa kuku peke yake. Mkono ulionivisha pete ulikuwa umepinda, nikaubusu mbele ya wazee wote wawili.