Magoti ya Mukantwari

Mimi ni mwislamu wa Kamembe, fundi mbao. Mwaka wa sabini na nane padri alinipa kazi kanisani, nitengeneze kadirisha ka kibanda cha maungamo. Kwanza akanitembeza, maana sikujua kitu. Altare ni ya sadaka, haiwekewi nyundo. Kisima kile cha kubatiza batoto. Taa nyekundu haizimwi, Bwana yuko. "Na hapa," akasema, "muntu anapiga magoti, anaacha dhambi, anaenda mwepesi."

Jioni niliingia upande wa padri kujaribu kadirisha. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya Bukavu.

Nikasikia magoti yakigusa mbao.

Harufu ya samaki sambaza ikapenya. Mukantwari, yule muuza samaki wa sokoni.

"Padri..." akanong'ona. "Nilimuwekea mukemwenzangu sumu mu chai. Kidogo kidogo... mwaka muzima. Alikufa ananishukuru."

Jamani! Ningesema tu mimi ni fundi. Nikaona haya, nikaogopa. Nikakohoa kama padri.

"Ubaki hapo ukisali. Mpaka nikwambie simama."

Nikatokea mlango wa nyuma, wa sakristia anakovalia padri, mbio mpaka nyumbani. Nilifikiri atachoka, ataenda zake.

Asubuhi walimkuta amekufa. Bado amepiga magoti.

Walimzika. Lakini kila jioni mule kibandani magoti yalisogea. Krr... krr... Padri akanyunyiza maji ya baraka, akamwamuru asimame, mara tatu. Wapi! Nikashindwa kuvumilia, nikamweleza padri yote, machozi yananitoka.

"Sauti aliyoisikia si yangu, Fundi Kalisa. Anangoja yako."

Nikaenda. Nikakaa palepale upande wa padri. Ile harufu ya sambaza...

"Maman, simama. Unisamehe. Mimi si padri. Mimi ni Kalisa, fundi."



Mbao zikalia, ndiyo vile muntu ananyanyuka. Nikasema alhamdulillahi. Halafu pumzi ya baridi ikapita kadirishani, karibu kabisa na sikio langu.

"Sasa, Fundi... ile dhambi niliachia nani?"

Toka siku ile magoti hayasikiki tena. Padri anafurahi, tukikutana ananipa mkono. Mimi nanawa, nanawa tena. Muke wangu ananiuliza kwa nini sitaki kumpakulia chakula wala kumtilia chai, hata siku anaumwa.

Nimwambie nini?