Fundi Asiyeiba Hata Nati

Ukiwa ugenini, mtafute fundi wa gari kama unavyomtafutia binti yako mume. Usiulize mkono peke yake. Uliza na ukoo.

Salha aliuliza mkono tu.

Alikuwa mtu wa Mombasa, kule ng'ambo ya mpaka. Alikuja Makambako kununua parachichi za wakulima wa Njombe, akapanga vyumba viwili kwa Bibi Lidia, yeye na mdogo wake Bibie. Bibie alikuwa na mimba iliyofika mwisho, na mumewe, dereva wa lori, alikuwa njiani Zambia. Daktari wa Njombe alishasema: mtoto amekaa vibaya, usije ukathubutu kuzalia nyumbani. Ijumaa asubuhi uwe hapa. Na uchungu ukiwahi, usingoje gari la mtu.

Gari lilikuwepo. Pikapu ya milango minne, ya Salha mwenyewe. Shida ilikuwa mafundi.

Wa kwanza alimtolea betri mpya akamwekea ya zamani. Wa pili alimfungia pedi za breki zilizokwisha, akazipaka rangi zionekane mpya. Wiki ile ile, kwenye mteremko wa kuelekea Njombe, Salha alikanyaga breki mguu ukazama mpaka chini. Gari lilimpeleka lenyewe mpaka kwenye miti ya miwati. Alipona kwa kuwa Mungu hakumtaka siku hiyo. Toka hapo akajiwekea sheria: fundi akishika gari langu, nakaa pale pale natazama vidole vyake.

Alhamisi hiyo, jua likizama, akaendesha gari lake polepole, gia ya kwanza, kwenda kwa fundi mpya. Bibi Lidia ndiye aliyemwelekeza.

"Nenda kwa Hosea wa Nahumu, njia ya Njombe, ukishapita ghala la mbao. Huyo haibi hata nati. Ila gari unaliacha, unarudi asubuhi."

"Naliacha, bibi? Mimi?"

"Kila mtu anaacha."

"Na yeye ni mtu mzuri?"

Bibi Lidia akainama, akaanza kupeta maharage yaliyokwishapetwa.

"Gari litapona, mwanangu."

Ulikuwa mwezi wa sita. Ukungu wa kwetu mnaujua, unaingia mpaka kwenye mifuko ya koti. Salha alifika gereji akakuta uzio wa mabanzi, geti limeegeshwa, na mwanamume mnene kavaa sweta, kakaa kwenye kigoda anakunywa chai.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, kaka. Wewe ndiye Hosea? Breki zangu zimekufa. Na asubuhi nampeleka mdogo wangu kujifungua."

"Acha funguo. Uje alfajiri."

Salha akamtazama mikono. Alishakaa na mafundi wengi, alijua mkono wa fundi ukoje. Huyu mikono yake ilikuwa safi. Kucha nyeupe kama za karani.

"Nitakaa hapa hapa, kaka. Usinichukie. Gereji zote za Makambako nimekaa. Nikiondoka, roho inabaki kwenye gari."

Hosea akacheka kidogo. Macho hayakucheka.

"Basi iache roho. Mwili uende."

Afanye nini? Giza lilikuwa linaingia, na fundi mwingine hakuwepo. Akaacha funguo. Akatembea mpaka kwenye ghala la mbao, anajisemea moyoni, Salha umekuwa mjinga lini... Ndipo akakumbuka. Kadi ya kliniki ya Bibie ilikuwa ndani ya gari.

Akageuka.

Hajapiga hatua kumi, pikipiki ikampita, inaelekea mjini. Aliyepanda ni Hosea, na sweta lake.

Sasa nani anatengeneza gari?

Akasikia.

Ko... ko... ko...

Spana juu ya chuma. Kule gereji. Na taa hakuna.

Akasogea mpaka getini, akawasha tochi ya simu, akachungulia. Pikapu yake ilikuwa imepandishwa juu, magurudumu nje. Chini yake miguu miwili imetokeza. Miguu mitupu, kwenye baridi ile. Nyayo zimepasuka, zimejaa udongo mwekundu. Na suruali aliyovaa ilikuwa ya suti. Suti nyeusi ya maana, suti ya kuolea.

"Hodi, fundi..."

Spana ikanyamaza.

"Usishtuke. Nachukua kadi ya mgonjwa tu."

Kisha: ko. Mara moja.

Salha akafungua mlango akachukua kadi. Hapo harufu ikampiga. Dizeli haikuwa. Ilikuwa pumba. Pumba za mahindi zilizolowekwa. Kando ya gurudumu palikuwa na beseni, pumba zimekorogwa na maji, na alama za vidole mle ndani.

"Kaka... hiki ndicho unachokula?"

Ko.

Mtu wa hapa angekimbia, angeacha hata kandambili. Salha hakuwa wa hapa. Kwao mtu hali mbele ya mwenzie bila kumkaribisha, na njaa ya mtu kwao haiulizwi jina. Mkobani alikuwa na mahamri ya Bibie, bado ya moto. Akayaweka chini kwenye karatasi.

"Karibu."

Mkono ukatoka. Ulikuwa mweusi wa oili, kucha ndefu zimejikunja. Ukachukua taratibu, kama mtoto aliyezoea kupigwa. Kisha chini ya gari ikasikika sauti. Haikuwa maneno. Ilikuwa koo tu, linahangaika kutafuta ulimi.

"Mm... mmm..."

Salha machozi yakamtoka.

"Nifanyie vizuri, kaka. Gari hili limebeba roho mbili. Ukimaliza, usilale hapa na baridi hii. Karibu nyumbani. Kwa Bibi Lidia, nyumba ya bati la kijani."

Spana ikaanguka chini.

Kwao Mombasa maneno yale anaambiwa kila mtu, mpaka muuza samaki. Hayana uzito. Hapa yalikuwa na uzito.

Alikuwa ameshatoka getini taa ya pikipiki ilipommulika. Hosea alishuka hata hajazima. Akaongea kwa kunong'ona, kama yuko msibani.

"Umeongea naye?"

"Na nani?"

"Dada. Umempa kitu?"

Salha akaficha mkoba nyuma yake. Hosea akamshika mkono.

"Umemkaribisha?"

Salha akajinasua akakimbia.

Alfajiri Bibie alipiga kelele. Uchungu umewahi. Salha akafungua mlango aende kuomba gari popote...

Gari lilikuwa uani.

Limeoshwa. Funguo zinaning'inia mahali pake. Nyasi zilikuwa zimeshika sakitu, umande ulioganda, nyeupe kama chumvi, na juu ya sakitu zilionekana nyayo za miguu mitupu. Zinatoka mlango wa dereva. Zinakuja mpaka kizingitini.

Za kurudi hazikuwepo.

"Dada, nakufa!" Bibie akalia.

Mungu anisamehe, angefanya nini? Akamlaza kiti cha nyuma akaondoa gari. Ukungu ulikuwa mzito, huoni pua ya gari. Kwenye ule mteremko wa miwati lori lilikuwa limelala katikati ya barabara, taa zimezimwa. Salha aliliona limebaki hatua chache. Akakanyaga.

Gari likasimama. Halikuserereka, halikuyumba. Lilisimama kama limeshikwa na mikono.

Kisha Bibie akasema kwa sauti ndogo:

"Dada... mbona umempakia fundi?"

"Fundi gani?"

"Huyu hapa. Ananuka pumba. Mwambie aniachie mkono, wa kwake ni wa baridi."

Salha akatazama kioo. Alimwona Bibie peke yake, kanyosha mkono, vidole vimefumbwa juu ya kitu kisichoonekana.

Akalipita lori kwa pembeni, na mtoto akazaliwa Njombe kabla ya saa nne. Wa kiume, mzima. Siku ya tano wakarudi Makambako, na hapo mambo yakaanza. Mlango uliokuwa unalia bawaba ukaacha kulia. Bomba lililokuwa linavuja likakauka. Mtoto akilia, chini ya kitanda husikika ko... ko... ko... naye hunyamaza, anageuza shingo kutazama. Bibie akamwambia dada yake:

"Nina mtoto wa siku nane na naogopa kushusha miguu kitandani. Chagua, dada. Mimi au mgeni wako."

Salha akamwendea Bibi Lidia jikoni. Bibi akafunga mlango kwanza.

"Nahumu alikuwa na watoto wawili, Hosea na Danieli. Fundi alikuwa Danieli. Hosea hata tairi hajui kubadilisha. Baba yao alipokufa wakabaki na mama yao, wakagombania kile kiwanja cha gereji mpaka wakaacha kusalimiana kanisani. Danieli akaugua siku mbili, akafa. Tukamzika kijijini kwao, Igwachanya, na suti yake ya ndoa. Waliobeba jeneza walisema jepesi, kama limebeba mgomba. Mwezi haukuisha, Hosea akafungua gereji, na kila gari likaanza kupona."

"Msukule," Salha akanong'ona. "Mfu anayefanyishwa kazi."

"Sijasema mimi. Sisi tunajua tu: gari unaliacha, humsemeshi, humpi kitu. Wewe ukamkaribisha kwako. Sasa ana kwao kwingine."

"Na ulinielekeza huko, bibi! Kwa nini hukunieleza?"

"Ulitaka fundi asiyeiba. Ya ukoo wa watu hukuuliza." Kisha akasema polepole, "Aliyemkaribisha ndiye anayeweza kumtoa. Anaondoka kwa neno lako."

Jioni ile Hosea alikuja mpaka getini. Sweta lilimpwaya kama si lake.

"Nirudishie ndugu yangu, dada," akanong'ona. "Gereji imefungwa. Nitaulizwa. Hujui nitaulizwa na nani."

Salha akamfungia geti. Akaenda kusimama mlango wa chumba cha Bibie. Alimfikiria yule mtu na beseni lake la pumba. Kumrudisha kule? Hapana. Amshikie mdogo wake mkono, alisimamishe gari, kisha alipwe vile? Lakini kitandani kulikuwa na mtoto.

Akapiga magoti, akasema chini ya kitanda:

"Danieli. Umetutendea mema. Sasa hapa pana mtoto, hapakufai. Usirudi kwa nduguyo. Nenda kwa mama yako."

Kisha akasikia kitu ambacho mpaka leo hakimtoki masikioni. Lile koo. Lilikuwa linalia. Na kucha zinakwaruza sakafu, kama mtu anayeburutwa hataki.

"Mm! Mmm! Mmm!"

Mlango ukafunguka. Ukajifunga.

Usiku ule walilala kama watu. Asubuhi Salha akamweleza Bibi Lidia, moyo mweupe kabisa: nimemtoa, na sikumtupa, nimempeleka kwa mama yake.

Ungo ukamponyoka Bibi Lidia. Mchele ukatapakaa.

"Kwa mama yake?"

"Si yu hai? Mama ni mama, bibi."

"Yu hai..." Bibi Lidia akakaa chini, pale pale kwenye mchele. "Mwanangu. Hosea hajui dawa hata ya kuua kuku. Wewe ulidhani Danieli alitolewa na nani, kama si huyo mama?"

Salha akakumbuka kucha zile kwenye sakafu.

Jumapili iliyofuata kengele ya kanisa ikagongwa ya msiba. Hosea wa Nahumu amefariki. Hakuugua. Alikutwa kalala, sweta lake kalikunja vizuri pembeni. Wakampeleka Igwachanya, na waliobeba jeneza hawakusema kitu, ila walitazamana.

Wiki haijaisha, gereji ikafunguliwa.

Salha alipita hapo na gari lake, giza likianza kushika. Alikuwa amepandisha vioo vyote. Bado alisikia. Nyuma ya mabanzi, gizani, spana zilikuwa mbili sasa. Moja ilikuwa inagonga vizuri, kwa mpango. Nyingine ilikuwa inakosea kosea, kama ya mtu anayejifunza.

Getini alikaa bibi mwenye umbo dogo, msafi, kitenge chake cha umoja wa wanawake kimepigwa pasi. Akanyanyua mkono. Salha hakukanyaga breki. Gari lilisimama lenyewe.

Yule bibi akasogea dirishani, anatabasamu kama mtu wa kanisani.

"Kamwene, mwanangu. Wewe ndiye uliyenirudishia Danieli. Nilikuwa nimeona aibu kuja kushukuru mikono mitupu."

Salha akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mdogo wako hajambo? Na mtoto?" Akainama, akanong'ona, mdomo ukigusa kioo. "Danieli ananiambia ana vidole virefu. Virefu, vinashika. Vya fundi kabisa."

Akalipiga bodi la gari kofi dogo, la kuruhusu. Likaondoka.

Salha alimkuta Bibie kaketi kitandani ananyonyesha. Hakusalimia. Alifungua nguo za mtoto zote, akamnyoosha mkono mdogo chini ya taa, akaanza kutazama vidole.