Kurumbiza Aliyefyonza Chai

Kifufuzi kilitoa mlio mdogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka, kisha yai likapasuka. Kiumbe mwekundu, asiye na unyoya hata mmoja, akachungulia dunia ambayo ukoo wake uliiaga miaka arobaini iliyopita. Mashine ile ya kufufua viumbe ilikuwa imesoma damu kavu ya mababu zake, ikaunga palipokatika, ikaipandikiza katika yai la ndege mwingine. Chuo kikuu kizima, huko juu Usambara, kilipiga vigelegele. Kurumbiza wa ukungu amerudi!

Dakta Nakijwa Mbwambo alishangilia mpaka sauti ikamkauka. Katika idara ya biolojia ni yeye peke yake aliyebaki kati ya waliowahi kumwona ndege huyo akiwa hai.

Furaha haikudumu. Yeye na vifaranga waliomfuata walikua, wakaota manyoya ya rangi ya shaba kifuani, lakini madume walipofumbua midomo ilitoka mikwaruzo mitupu. Majike wakawapa kisogo. Kurumbiza huchagua mume kwa wimbo, na wimbo hufundishwa na baba. Baba wa hawa alikuwa mashine. Damu ya akiba nayo ilikuwa imekwisha. Wasipotaga msimu huo, ndiyo basi tena.

"Mama, tuwawekee basi sauti ya zamani," alisema Dakta Hoza, kijana aliyeendesha kifufuzi.

"Ipi, mwanangu? Hatukurekodi."

"Idara nzima?"

Nakijwa aliona haya. Enzi zao kila mtu alikuwa na mada yake, na kugusa mada ya mwenzako kulikuwa sawa na kufunua chungu chake bila hodi. Huyu alishika damu, yule mifupa, yeye Nakijwa akashika maganda ya mayai. Wimbo kila mmoja alidhani una mwenyewe. Kumbe haukuwa naye.

Ila kulikuwa na saa ya chai. Marehemu Profesa Shekilindi, mwalimu wake Nakijwa na mtaalamu wa chawa wa ndege, aliwaita wenzake mezani kwa mluzi wa kurumbiza, kikombe mkononi, na wote wakatoka vyumbani mwao wakicheka. Chai ya tangawizi, mihogo ya kuchemsha, na watu wazima wenye shahada zao wakigombea kipande cha mwisho! Siku hizi kila mtafiti hunywa chai peke yake mbele ya kioo cha kompyuta yake. Nakijwa aliikumbuka meza ile na mluzi wake.

Aliingia katika chumba cha ukungu walimofugwa ndege hao, akajaribu kupiga mluzi. Haukuja. Akajaribu tena, wapi!

"Hoza, niletee chai. Iwe ya moto."

Aliposhika kikombe, midomo ikakumbuka yenyewe. Sauti tatu za kupanda, kisha fyuu! akafyonza chai, kisha sauti moja ndefu ya kushuka.

"Na hapo katikati, ndege alisemaje?" aliuliza Hoza.

"Sijui. Hapo Mwalimu alikuwa akinywa."

Kila asubuhi aliwapigia mluzi ule, chai mkononi. Wiki zikapita, naye akaanza kukata tamaa. Kisha siku moja, ukungu ukiwa mzito, dume mmoja alipanda kijitini akapandisha sauti tatu. Kisha fyuu! Akafyonza hewa, akashusha ile ndefu. Jike akasogea, akasogea tena, mdomoni kashika unyasi wa kiota.

Hoza aliruka kwa furaha. "Wamepona, Mama! Watoto wao tutawafundisha bila hiyo fyuu."

"Mahali pake tutaweka nini?"

Nakijwa alicheka huku machozi yakimtoka, kwa kuwa aliyerudi kutoka kwa wafu alikuwa Mwalimu wake, na wimbo wa kurumbiza wenyewe ulikuwa umepotea moja kwa moja, enzi zile wao wakiwa wameinamia kila mtu kipande chake.

"Kalete kikombe chako," alimwambia. "Na uwagongee milango wale wengine. Ni saa ya chai."