Kilichokula Betri ya Mama Mkwe

Mama mkwe alitoweka Jumanne, akiwa na miwani, kadi ya kliniki, vidonge vyake vya presha na simu yenye chaji asilimia tisini na sita.

Hiyo tisini na sita ndiyo iliyomkereketa Inspekta. Alikuwa amesimama sebuleni kwa watu, daftari mkononi, na mambo ya kawaida alikwisha kuyaandika: umri miaka sabini na moja, gauni la kijani, ameondoka saa mbili na nusu asubuhi kwenda kupimwa presha. Sasa ni saa tisa alasiri, hajarudi, na simu haipatikani. Binti yake alikuwa kwenye kochi, kitambaa machoni. Mume wa binti, fundi wa majokofu, alisimama nyuma ya kochi akijipangusa mikono isiyo na uchafu.

"Nani aliyesema tisini na sita?" aliuliza Inspekta.

"Mimi, afande. Nilimchajia mwenyewe asubuhi."

"Watu husema simu imejaa. Wewe umeitaja mpaka na hiyo sita."

"Niliona nilipokuwa namzimia vitu. Waifai, blututhi, na ile ya kuonyesha mahali ulipo. Vinakula betri, afande. Simu ya mama haifiki adhuhuri. Hapo ilipo imeshazimika yenyewe."

"Kliniki umefika?"

"Nimefika. Benchi la nje tupu. Mlinzi hana habari."

Koplo, aliyekuwa mlangoni, akatia lake. "Hilo la betri ni kweli, afande. Mimi huzima vyote. Naokoa nusu nzima."

Inspekta hakupenda ubishi usio na kielelezo. Simu yake ya kazi na ya Koplo zilikuwa pacha, zimetolewa siku moja, na zote mbili zilikuwa zimetoka kuchajiwa kituoni, mia kwa mia.

"Yako zima hivyo vitu. Yangu naiacha na kila kitu wazi. Ziweke mezani, asiziguse mtu."

Doria ilipelekwa stendi na hospitali zote. Kwa redio ya gari, kituo kikaombwa kiulize kampuni ya simu. Saa nzima Inspekta alihoji majirani, akaambulia habari za kila mtu isipokuwa za mama mkwe. Moyoni alikuwa anahesabu jambo moja tu: dawa ya saa nane. Mzee wa presha akiisahau na huku ana hofu, mambo huharibika upesi.

Jibu la kampuni lilipokuja, Koplo alilisoma polepole. "Simu ilitoka mtandaoni saa mbili na dakika kumi asubuhi."

"Mama ameondoka hapa saa mbili na nusu," alisema Inspekta. "Kwa hiyo simu ilikatika ikiwa humu ndani, ina tisini na sita. Fundi, betri huzimika ghafla hivyo?"

"Labda ni mbovu, afande."

"Na ukizima waifai, mtu hapigiwi?"

Fundi akatazama zulia.

Inspekta akageukia meza. "Yangu iliyo wazi ina tisini na nane. Yako, Koplo, tisini na tisa. Umeokoa moja."

"Moja nayo ni kitu, afande."

Inspekta alibonyeza palipoandikwa matumizi ya betri kwenye simu ya Koplo. "Jana, kioo na video za ndondi, asilimia sabini na moja. Blututhi, moja. Unamkamata panya huku ng'ombe yuko ghalani." Koplo akaona kuna jambo la muhimu sana nje ya dirisha.

"Sasa tuzungumze," Inspekta alimwambia fundi. "Hivyo ulivyozima havimalizi chaji kabla ya adhuhuri. Mama hutazama video?"

Binti ndiye aliyejibu. "Hata kuzifungua hajui. Yeye kazi yake kupiga tu."

"Kukupigia wewe?"

"Mimi kazini hawaturuhusu simu."

Inspekta hakuondoa macho kwa fundi. "Humpigia nani?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Jana kumi na nne."

"Kuuliza nini?"

"Kama nimefika. Kama nimekula. Kama nimekula kweli. Kama pasi nimeizima, na pasi ni yake mwenyewe."

"Kwa hiyo hukuwa unaokoa betri."

"Nilikuwa naokoa kichwa changu, afande." Na hapo fundi akafunguka kama bomba lililopasuka. "Niliweka kile kialama cha ndege. Simu inawaka, inaonyesha saa, lakini haipigi wala haipigiwi. Nikamwambia akae kliniki, nitampigia saa sita nikija kumchukua. Nilipanga kumfuata tu, wallahi. Lakini karakana ilikuwa kimya. Miezi sijausikia ukimya ule. Nikajiegemeza kwenye jokofu la mteja dakika tano, nikaamka saa saba na nusu."

Mke wake alivua kiatu.

"Kiatu kirudi mguuni, dada," alisema Inspekta. "Nijibu hili kwanza. Mtandao ukimkatikia mama, hufanya nini?"

"Hupanda juu. Hapa nyumbani hupanda kigoda cha dirishani."

"Kliniki ina ghorofa ngapi?"

"Nne."

"Lifti?"

"Mbovu tangu mwaka juzi."

Wenye wazee wenye simu, hapa sikieni vizuri. Anayezima asichokifahamu mwenye simu amemfungia mtu mlango kwa nje.

Walipanda ngazi za kliniki mbiombio, fundi na mkewe nyuma. Ghorofa ya tatu Koplo alikaa chini akasema waendelee, atalinda mlango. Juu ya paa, katikati ya mashuka ya wagonjwa yaliyoanikwa, mama mkwe alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mkono mmoja umenyoosha simu mbinguni. Mfua nguo wa kliniki alikuwa kando yake na kikombe cha maji.

"Dawa amemeza," mfua nguo alisema. "Kushuka ndiyo amekataa."

"Mkwe wangu alisema atapiga," alisema mama. "Mtandao wa huku mgumu, wanangu. Nimeupandia tangu saa sita."

Inspekta alipokea simu. Asilimia tisini na moja.

Koplo, aliyekuwa amefika akihema, alichungulia. "Kumbe imeokoa kweli."

"Betri imepona, Koplo. Mwenye betri ndiye aliyekuwa anazimika."

Fundi alichutama mbele ya ndoo. "Mama, ni mimi niliyeikata simu yako. Nilichoka kupigiwa. Nisamehe."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni.

"Marehemu mume wangu nilikuwa nampigia mara moja kwa siku," alisema. "Siku ile hakupokea. Nikasema ana kazi, nisimsumbue. Nikakaa na adabu zangu mpaka jioni. Walimkuta chini, simu iko kando ya mkono."

Binti akageuzia uso mashukani. Inspekta alifunga daftari bila kuandika shitaka lolote.

"Nipigie, mama," fundi alisema kwa shida. "Hata mara ishirini."

Mama alivaa miwani yake, akamtazama mkwe kwa huruma.

"Ishirini ni usumbufu, baba. Kumi na tano zinatosha."