Mlango Alioukagua Teodora

Saa saba mchana, jua likiwa limeichemsha Igoma mpaka mabati yanalia, Queen alitoa mvuke mdomoni.

Mama yake, Teodora, alikuwa akimpakulia ugali. Alidhani ni mvuke wa chakula, akaupeperusha kwa mkono. "Mama, nasikia baridi," mtoto akasema, na mvuke ukatoka tena, mweupe. Teodora alipomshika kiganja alikiachia haraka. Kilikuwa baridi kama sangara aliyetoka kwenye barafu.

Sasa, katika Mwanza nzima, huyu mama ndiye angekuwa mtu wa mwisho kujifanya haifahamu baridi ile. Alikuwa afisa usalama katika kiwanda cha minofu kando ya ziwa, mwaka wa tano huo. Kila Jumatatu saa nne aliwasimamisha uani akina mama wanaochuna samaki, na gambuti zao na kofia zao nyeupe, akawasomea kanuni za maadili na usalama. Alikuwa na sauti nzuri ya kusomea. Hata kanuni ya mgongano wa maslahi, kwamba mfanyakazi asikague kazi ya ndugu yake wala ya mwenzi wake, aliisoma bila kukwama.

Na mlango wa chumba cha baridi ulikuwa umetengenezwa na mumewe.

Shigela alikuwa na karakana palepale Igoma. Kitasa cha ndani cha mlango ule, kile cha kusukuma mtu akijikuta amefungiwa, kilipoharibika, Teodora alipenyeza jina la karakana na kazi ikapatikana. Kiwandani walijua ana mume. Hawakujua mume ni nani, naye hakuwaambia. Fundi alipomaliza, mkaguzi akaja, na mkaguzi ni Teodora mwenyewe. Kukagua kitasa maana yake ni kuingia ndani, kufungiwa, na kusukuma mpaka utoke. Teodora hakuingia. Ilikuwa Ijumaa, alikuwa amevaa gauni jembamba, na fundi alikuwa baba Queen.

"Umekijaribu?" alimuuliza.

"Si unanijua mimi?" Shigela akajibu. Teodora akasaini.

Siku ya tisa kitasa kilimgomea Apiyo, binti wa Kijaluo kutoka Shirati, aliyekuwa akipanga maboksi ya minofu. Walimkuta asubuhi, viganja vimechubuka kwa kugonga. Kampuni ikaanzisha uchunguzi, na aliyepewa kuchunguza ni nani kama si afisa usalama? Teodora akaandika kwamba marehemu aliingia bila ruhusa, akiwa amelewa. Apiyo hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Alikuwa mwimbaji wa kwaya ya Wasabato. Jumatatu iliyofuata Teodora alisimama uani akayasoma hayo mbele ya wenzake wote, kwa sauti ileile nzuri. Mama yake Apiyo akakabidhiwa jeneza la mlevi.

Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu siku hiyo.

Siku ya pili ya baridi walimpeleka Queen hospitali. Daktari alimpima malaria, hakuona kitu. Kipima joto alikitikisa mara tatu akasema kimeharibika. Siku ya tatu nyumba ikaanza kunuka samaki mbichi na chuma. Siku ya nne, saa nne asubuhi, majirani wakianika nguo nje na redio ya duka la jirani ikiimba, Teodora alisikia kugonga, ngo, ngo, ngo, akadhani ni mgeni, akafungua mlango wa mbele hakuona mtu, akafungua wa nyuma hakuona mtu, kugonga kukaendelea taratibu bila kuchoka, akaufuata mlio ule ukumbini, akaufuata chumbani, akamkuta mwanawe amesimama kwenye kona uso ukutani, mvuke ukimtoka, anaupiga ukuta kwa viganja viwili vilivyokwisha kuchubuka, na ukutani pale alipokuwa akipiga pameota barafu.

"Queen," aliita kwa kunong'ona.

Aliyejibu hakuwa Queen. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzima, yenye lafudhi ya Kijaluo. "Nipelekeni kwa Mayala, Bujora."

Teodora alikaa chini akalia. Shigela aliporudi walizungumza jikoni, sauti chini, kama wezi.

"Ni yule," Teodora akasema.

"Usimtaje jina."

"Baba Queen, ni yule. Tukaseme."

"Useme nini? Kwa nani?" Shigela alimshika mkono mpaka ukamuuma. "Huyo Mayala ni mganga. Pepo akitaja mganga wake mwenyewe, maana yake amechoka, anataka kutoka. Twende huko Bujora, yaishe."

Wakafarijika, maskini. Kesho yake asubuhi walimfunika mtoto blanketi mbili, wakampakia kwenye pikapu ya karakana.

Mayala hakuwa na mambo mengi. Walimkuta uani kwake amevaa fulana ya timu ya mpira, anaziba pancha ya baiskeli.

"Shikamoo mzee," Teodora akaamkia.

"Marahaba, binti. Nani kawaelekeza kwangu?"

"Mtoto mwenyewe."

Mayala alinawa mikono, akaja kwenye pikapu, akamshika Queen kiganja. Mtoto akafumbua macho. "Mjomba," akasema, kwa sauti ile.

Mganga aliduwaa. Kisha akaketi kwenye vumbi, machozi yakamtoka bila kelele. Alijifuta uso kwa fulana, akawageukia wageni wake.

"Mama yake Apiyo ni dada yangu, tumbo moja," akasema. "Aliolewa Shirati. Nilikwenda kuzika. Wewe ndiye yule afisa?"

Teodora aliitikia kwa kichwa.

"Dawa ninayo. Sitaigusa. Nikimtibu huyu mtoto nikashindwa, mtasema nimelipiza kisasi. Na mimi mwenyewe, niwaambie ukweli, leo siuamini mkono wangu. Huyu aliyekuja ni damu yangu, siwezi kuwa mganga hapa."

Hakuna aliyewahi kumsomea mzee yule kanuni yoyote. Teodora aliona aibu iliyomshuka mpaka kwenye nyayo, akatamani ardhi impasukie.

"Sasa tufanyeje?" Shigela akauliza kwa sauti ya chini.

"Naweza kuwaambia anachotaka, basi. Hataki ng'ombe, hataki mbuzi. Anataka aliyemwita mlevi amsafishe jina palepale alipomwitia, mbele ya watu walewale. Na aseme mlango ulitengenezwa na nani."

"Mzee, hiyo ni jela!" Shigela akadakia.

"Inawezekana," Mayala akasema.

Wakati huo Queen alikuwa ameteremka mwenyewe kwenye pikapu, amelala kwenye mkeka wa mjomba wa marehemu. Mvuke ulikwisha. Teodora alimgusa: alikuwa wa moto, mtoto wa kawaida, anaomba maji. Wakambeba kurudi kwenye gari, na kabla hawajafika getini mvuke ukamtoka tena na midomo ikawa ya bluu. Wakamrudisha mkekani, akapona. Wakajaribu mara ya pili, ikawa vilevile.

"Jumatatu nitasema," Teodora alimwambia mwanawe. "Mchana nitakuja kukuchukua."

Jumatatu saa nne alisimama uani. Rose, aliyekuwa akipanga maboksi pamoja na Apiyo, alikuwa mstari wa mbele, anamtazama usoni. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Teodora alimfikiria Shigela mahabusu, akafikiria kitambulisho chake kikivuliwa shingoni mbele ya wanawake wale, akafungua mdomo, akazungumza juu ya kuosha gambuti. Alizungumza dakika kumi. Kisha alijifungia chooni akalia mpaka pua ikavimba.

Jumatatu ya pili alizungumza juu ya kukata kucha. Ya tatu, juu ya sakafu yenye maji. Kila Jumapili alikwenda Bujora na biskuti, akasema, "Wiki ijayo, mwanangu," na alikuwa anaamini anachosema. Lakini mtoto alikuwa mzima, ananenepa, ameandikishwa shule, na uzima ule ndio uliommaliza mama yake. Haraka ya nini, alijiambia, mtoto akiwa salama? Shigela aliacha kabisa kuuliza. Karakana ikapata kazi nyingine kiwandani, na mkaguzi akasaini.

Mwezi wa tano wa Queen kukaa Bujora, mama yake Apiyo alihama Shirati akaja kukaa kwa kaka yake. Jumapili moja Teodora alifika na gauni jipya mkononi, akamkuta Queen ameketi uani anachambua maharage. Nywele zake zilikuwa zimesukwa, na Teodora hakujua nani kamsuka.

"Shikamoo," mtoto akamwamkia, kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni, akarudia maharage yake.

"Marahaba. Queen, mimi nimekuja."

Mtoto akaokota kijiwe kwenye maharage, akakitupa kando.

Kutoka jikoni mwanamke mzee akaita, "Apiyo! Niletee ungo."

"Abee, mama," mtoto akaitika, akainuka mbio na ungo wake.

Teodora alibaki amesimama na gauni lake. Alikuwa ametega sikio kuisikia sauti ile nyingine, ya mwanamke mzima, yenye lafudhi. Haikuja. Aliyeitika ni Queen mwenyewe, kwa sauti yake ya miaka sita.